Chungu cha wageni: chakula cha mchana kwa Bi mkubwa wa Hurumzi

Mimi ni muuza chumvi wa Pemba, upande wa Wete. Kila mwezi napanda meli na magunia yangu, nateremka bandari ya Malindi, Unguja, napeleka mzigo soko la Darajani, nalipwa, halafu nasubiri meli ya kurudi. Katika kusubiri huko mtu hutaka pahala pa kula. Miaka mingi nilikuwa nakula wali na samaki wa kukaanga karibu na bandari, na sina neno baya juu ya chakula kile. Lakini tangu mwaka juzi mchana wangu wa Unguja naula kwa bibi mmoja wa Kihindi, nyuma ya Hurumzi, na nimeona si haki kuendelea kufaidi peke yangu bila kuwaambia wenzangu.

Si hoteli. Hakuna kibao mlangoni, na mwenyewe kaniomba nisimtaje jina, kwa hiyo humu namwita Bi mkubwa kama ninavyomwita mbele yake. Ni nyumba anayokaa, ghorofa ya kwanza. Ngazi ni za mbao na zimesimama wima. Mwenye magoti mabovu ashike kamba iliyofungwa ukutani. Juu kuna chumba chenye meza tatu, dirisha moja linalotazama uchochoroni, na picha moja ukutani. Wanakaa watu kumi na wawili. Chakula kinaagizwa siku moja kabla, kwa simu au kwa kumtuma mtoto wa mtaani. Ukitokea tu saa saba mchana na njaa yako, utapewa maji ya ndimu na utaambiwa pole.

Sahani moja ni shilingi 8,000. Mwaka juzi ilikuwa 6,000. Unaletewa sinia dogo la chuma lenye vibakuli: dengu laini iliyoungwa kwa samli, uzile na chembe ya mvuje, mabiringani na mbatata kwenye rojo la tungule, bamia zilizokaangwa kavu hata hazina utelezi, mtindi wenye tango, wali, na chapati nyembamba kama kitambaa, zinazotoka jikoni moja moja, kila moja na moto wake. Hakuna nyama wala samaki, wala yai. Mtu wa Pemba kula mchana bila samaki ni jambo la kuzoea, na mimi nilizoea siku ya pili, kwa sababu ya yale mabiringani.

Hukumu yangu ya kwanza kwa chakula chochote ni chumvi. Dengu ya Bi mkubwa ina chumvi pungufu, na nimeshamwambia. Yeye husema wageni wake wengi ni watu wa presha. Lakini achari yake ya embe mbichi ina chumvi iliyopimwa na mtu anayeijua chumvi, na hapo ndipo tulipojuana. Nilikuwa Darajani nashusha magunia, akaja bibi mwembamba mwenye sari nyeupe, akachota punje mbili, akaziweka ulimini, akaniuliza: "Hii ya bwawa la mwisho, au mmevuna mapema?" Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini na hakuna mnunuzi aliyewahi kuniuliza hivyo. Sisi tunafungua maji ya bamvua yaingie, yanapita bwawa hata bwawa yakizidi kukolea juani, na chumvi inaganda katika lile la mwisho. Mwenye haraka huvuna ikiwa bado na uchungu. Yeye aliusikia uchungu ule ulimini. Nikampa kilo mbili za mawe makubwa, naye akanikaribisha chakula.

Sikwenda. Mwezi wa kwanza nikasema nina haraka, wa pili nikasema nimeshakula. Ukweli ni kwamba nilikuwa na jambo rohoni. Mimi ni Muislamu, na nilikua nikiambiwa kwamba chakula cha Mabanyani hupelekwa kwanza mbele ya masanamu, na chakula kama hicho sisi hatukili. Mwezi wa tatu akanikaribisha tena, nikaona kumdanganya mtu mzima ni vibaya kuliko kumuuliza.

"Bi mkubwa, usinielewe vibaya. Chakula chako kinapelekwa mbele ya mungu wenu?"

"Usiulize kwa aibu, mwanangu," akaniambia. "Kwangu kuna vyungu viwili. Cha kwangu mimi nakipeleka mbele ya Mungu kwanza, ndiyo desturi yetu. Cha wageni hakiendi popote, kinatoka jikoni kinakuja mezani. Nimefanya hivyo tangu siku ya mwanzo, kwa sababu najua nani anakaa mji huu."

Akanipeleka jikoni akanionesha. Vyungu viwili, miko miwili, hata kitambaa cha kufunikia ni mbalimbali. Hakuna aliyemlazimisha. Watu wangapi wamekula pale wasijue kwamba kuna mtu aliwahi kuifikiria dini yao kabla hawajapanda ngazi? Nikamuuliza nani aliyemfundisha. Akanyoosha kidole kwenye ile picha.

Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni baba yake. Ni mtu mwenye ndevu fupi, kifua wazi, amekaa kakunja miguu, macho nusu yamefumba, na kinywani kama anataka kutabasamu. Picha hiyo ilipigwa miaka ya 1880 kwenye hekalu la Dakshineswar, kando ya mto Ganges, kaskazini ya Calcutta. Anaitwa Ramakrishna, mcha Mungu mashuhuri wa Kihindu. Bi mkubwa kazaliwa hapa Unguja, ila utotoni alipelekwa kwa shangazi yake Rajkot, katika jimbo la Gujarat, ambako wafuasi wa Ramakrishna wana kituo chao tangu 1927. Picha hiyo alirudi nayo kutoka huko, na kisa chake anakisimulia kidogo kidogo, akiwa anasukuma chapati. Hakusimulii usipouliza.

Yale niliyoyashika nayaeleza kama alivyonipa. Ramakrishna alizaliwa 1836 katika kijiji cha Kamarpukur, Bengal, jina lake la utoto Gadadhar, mtoto wa Brahmini masikini, yaani mtu wa tabaka la makuhani. Skuli hakuipenda. Hekalu la Dakshineswar lilijengwa na mjane tajiri aliyeitwa Rani Rashmoni, likafunguliwa 1855, lakini ukoo wa mama huyo ulihesabiwa wa tabaka la chini, na Mabrahmini wakakataa kula chakula cha hekaluni mwake. Kaka yake Ramakrishna, Ramkumar, akakubali kuwa kuhani pale. Mdogo mtu hakukubali. Siku ya ufunguzi, watu wote wanakula karamu, yeye alikwenda sokoni akanunua bisi za mchele akala hizo. Hata alipohamia palepale kwa kaka yake, alikaa muda akijipikia mwenyewe ukingoni mwa mto.

Bi mkubwa aliponieleza hayo aliacha kusukuma, akanitazama. "Unaona? Hata yeye alikataa chakula kwanza."

Mwaka uliofuata kaka akafa, na yule kijana aliyekataa chakula cha Rani akawa ndiye kuhani wa Kali, mungu wao wa kike, katika hekalu lake. Alimtaka Mungu kwa namna iliyowafanya watu wadhani ana wazimu. Jua likizama alikuwa analia kwamba siku nyingine imepita na hajamuona. Alifuata njia moja ya Kihindu baada ya nyingine, kila moja na mwalimu wake. Halafu, mwaka 1866, akakutana na Govinda Roy, mtu aliyezaliwa Mhindu akaingia katika Uislamu wa masufi. Ramakrishna akamuomba amfundishe. Siku tatu alilitaja jina la Allah, akavaa kama Waislamu, akaswali, na masanamu hakutaka hata kuyatazama. Akakaa nje ya ua wa hekalu. Akataka pia kula kama Waislamu. Mathur, mkwe wa Rani, aliyekuwa msimamizi wa mahali pale, akaona makubwa, akampatia mpishi wa Kibrahmini apike kwa maelekezo ya mpishi wa Kiislamu.

Hapa nilimkatiza. "Bi mkubwa, siku tatu si Uislamu."

"Sijasema alisilimu," akanijibu. "Nasema alionja. Wengine wanahukumu chungu cha jirani bila kufunua kifuniko."

Jibu hilo nilirudi nalo Pemba, nikalala nalo melini. Sijabadilika katika dini yangu wala yeye hajaniomba. Ramakrishna ana usemi maarufu kwa Kibengali, jato mat tato path, maana yake kadiri ya rai zilivyo nyingi ndivyo na njia zilivyo nyingi, na hapo mimi na Bi mkubwa kila mtu anashika lake. Ninachokiheshimu ni kwamba yule bwana hakukaa barazani akazipanga dini za watu kwa kusikia. Alikwenda, akavua nguo zake za ukuhani, akabadilisha hata chakula. Baadaye, mwaka 1874, alikuwa anasomewa Biblia, na katika nyumba ya bustani jirani na hekalu akaiona picha ya Maryam na mwanawe Isa ikamshika kwa siku kadhaa vilevile. Habari za Wakristo sikuuliza sana.

Nilimuuliza zaidi habari za maji. Ramakrishna alikuwa akisema kuna bwawa kubwa lenye ngazi pande zote. Upande mmoja Wahindu wanateka kwa mitungi wanaita jal. Upande wa pili Waislamu wanateka kwa viriba wanaita pani. Upande wa tatu Wakristo nao wana jina lao. Kitu ni kimoja. Bi mkubwa huongeza, "Na sisi huku tunaita maji." Nikamwambia, Bi mkubwa, mimi ni mtu wa mabwawa, na maji si yote ya kunywa. Hakukasirika. Alisema hilo ni kweli, na mtu hujua tofauti yake kwa ulimi, kama yeye alivyoijua chumvi yangu Darajani. Nimelifikiri sana neno hilo na bado sijapata la kumjibu.

Sasa nieleze sahani, kwa sababu kwangu mimi hilo ndilo kubwa kuliko chakula. Utotoni nilimsikia babu yangu akisema kwamba alipokuwa kijana, ukenda dukani kwa mfanyabiashara fulani wa Kihindi ukaomba maji, unapewa katika kikombe cha pembeni, kilichotengwa kwa watu kama sisi. Babu alilisema bila hasira, lakini alilisema mara nyingi. Kwa hiyo siku ya kwanza kula kwa Bi mkubwa nilipomaliza nilisimama na sinia langu nikatafuta pa kuliweka, nisije nikagusa kisichogusika. Akalichukua mkononi mwangu, na mabaki yangu na kila kitu, akaliosha mwenyewe, akafuta meza kwa mkono wake. Bibi wa miaka sabini na kitu! Nikamwambia aniachie mimi.

Akanieleza habari za Sarada Devi, mke wa Ramakrishna, aliyeishi miaka mingi baada ya mumewe na kufa mwaka 1920. Kijijini kwake, Jayrambati, kulikuwa na Muislamu mmoja akiitwa Amjad, mtu wa njaa na sifa mbaya ya wizi. Sarada alimkaribisha chakula barazani. Mpwa wake akawa anampakulia kwa kumrushia kutoka mbali, asimkaribie. Sarada akamkemea, akampakulia mwenyewe, na Amjad alipomaliza, akapasafisha kwa mikono yake mwenyewe pale Amjad alipokula. Mpwa akapiga kelele kwamba shangazi amepoteza tabaka. Sarada akamjibu kwamba kama Sarat alivyo mwanawe, basi na Amjad ni mwanawe vivyo hivyo. Huyo Sarat alikuwa mtawa mkubwa, katibu wa jumuiya yote ya Ramakrishna.

Sikuwa na la kusema. Nilimfikiria babu yangu na kile kikombe.

Jumuiya yenyewe niitaje kwa ufupi. Ramakrishna alikufa 16 Agosti 1886 kwa saratani ya koo, na mwanafunzi wake Vivekananda ndiye aliyewafanya watu wasimame kumshangilia katika mkutano wa dini Chicago kwa hotuba yake ya Septemba 1893, akaanzisha Ramakrishna Mission 1897. Wana mahospitali na maskuli mengi India. Bi mkubwa habari hizo hazimsisimui sana. Yeye ni mtu wa jikoni na visa.

Na kisa kilichonishika mimi kuliko vyote ni cha mwanasesere wa chumvi. Alikwenda pwani kupima kina cha bahari ili arudi awaeleze wenzake. Akatia mguu, ukayeyuka. Akaingia zaidi, akayeyuka wote. Nani sasa wa kurudi kutoa habari? Ramakrishna alikuwa anasema ndivyo ilivyo kwa mtu anayetaka kumpima Mungu. Mimi maisha yangu yote nimekuwa naitoa chumvi baharini, sijapata hata siku moja kuifikiria safari yake ya kurudi, isipokuwa kama hasara. Mvua ya vuli ikitushukia kabla hatujavuna, kazi ya wiki tatu inarudi kuwa maji kwa usiku mmoja, na nimewahi kukaa ukingoni mwa bwawa alfajiri nikilia. Kwa Ramakrishna kule kuyeyuka ndiko kufika. Mimi naamini mja ni mja na Mola ni Mola, na nilimwambia hivyo. Lakini wazee wetu wa zikri wana neno lao, fanaa, yaani nafsi ya mja kutoweka mbele ya Mola, na mzee mmoja wa kwetu nilipomsimulia kisa hiki alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nikirudie tangu mwanzo.

Siku ya kuzaliwa kwa Ramakrishna inahesabiwa kwa mwezi, kama sikukuu zetu. Ni siku ya pili ya mwezi kukua katika mwezi wao wa Phalguna, kwa hiyo ni karibu na siku ambazo sisi tunatafuta mwezi mwandamo. Kila mwaka siku hiyo Bi mkubwa anapika kichri, mchele na choroko katika sufuria moja, na hatozi mtu senti. Mwaka huu iliangukia mwanzo wa Ramadhani. Asubuhi alituma ujumbe kwa wateja wake wote: mchana jiko limefungwa, karibuni magharibi. Tulikwenda watu kumi na sita, wengine wakakaa ngazini. Tende zilikuwa zimepangwa, maji yamemiminwa, na yeye mwenyewe alikuwa hajala tangu asubuhi. Aliuliza mbele ya wote kama tunapenda aiteremshe ile picha kwa jioni hiyo. Mzee mmoja wa Kiponda akamwambia, "Iache, mama, hii nyumba yako." Adhana ikalia, tukafungua kwa tende, tukashuka kuswali msikitini, tukarudi tukakuta kichri imefunikwa inatusubiri, na jalebi juu yake.

Jalebi zina sababu. Ramakrishna alikuwa anazipenda khasa, na alikuwa akisema hata tumbo likijaa, jalebi hupata nafasi, kama msongamano wa barabarani unavyopisha gari la gavana. Za Bi mkubwa ni nyembamba, zinavunjika kwa sauti, na shira yake ina hiliki. Siku za kawaida anazipika Ijumaa tu, shilingi 500 moja.

Mapungufu yapo. Simu yake haipokewi asubuhi, maana yuko kwenye ibada. Piga baada ya saa nne. Umeme ukikatika chumba kinakuwa na joto kali, na dirisha ni moja. Choo kiko chini, uteremke zile ngazi. Msimu wa kaskazi niliwahi kupewa mtindi uliochacha kupita kiasi. Nilimwambia, akanirudishia pesa ya sahani nzima japo sikutaka. Na kuna siku hapiki thomu wala vitunguu kwa sababu za dini yake, basi siku hizo mabiringani hayawi na nguvu yake. Uliza kabla ya kuagiza.

Mapapasi wanaotafuta kamisheni waache kabisa. Mmoja alimpandishia kundi la wageni bila kuagiza, halafu akataka sehemu yake. Bi mkubwa, ambaye sijamsikia akiinua sauti, siku ile uchochoro mzima ulimsikia. Baadaye akaniambia kisa cha nyoka aliyefundishwa na mtawa asiume watu, watoto wakampiga mawe karibu ya kufa, mtawa akarudi akamkuta hoi akamwambia: nilikukataza kuuma, sikukukataza kutoa sauti.

Mara ya mwisho nilipokwenda nilitoka na chupa ya achari, shilingi 5,000, imefungwa kwa gazeti na uzi isimwagike melini. Mke wangu keshaimaliza nusu na samaki. Agizo la Bi mkubwa kwa safari hii ni kilo tano za mawe makubwa, bwawa la mwisho, maana embe mbichi zimeanza kuingia sokoni. Ukenda, panda kutoka Hurumzi, ingia uchochoro wa pili mkono wa kushoto, uliza kwa bibi wa achari, na umwambie dengu iongezwe chumvi.